Damu ni Shahidi, Si Hakimu



Watu wawili wanapogombania malisho au shamba, haupiti muda mrefu kabla mmoja wao hajamtupia mwenzake swali hili: "Wewe umetoka wapi? Wazee wako walifika hapa lini?" Swali hili hujulikana sana Hirbadaw na katika nchi yote ya Hanang na Mbulu, ambako mkulima na mfugaji hukutana kila siku kisimani, njiani na mnadani. Aulizaye hadhani kwamba anauliza jambo la historia. Anataka kutoa hukumu. Maana yake ni kwamba aliyetangulia ana haki, na aliyefuata hana budi kunyamaza.

Zamani swali hili lilijibiwa kwa masimulizi ya wazee, na kila ukoo ulikuwa na masimulizi yake. Siku hizi ametokea shahidi mpya ambaye hana ukoo wala hapokei rushwa. Shahidi huyo yumo ndani ya miili yetu wenyewe, na wataalamu wamejifunza kumsikiliza. Basi ni lazima tuulize: Je, shahidi huyu akiisha kusema, ugomvi umekwisha? Je, damu inaweza kutuambia nani ana haki na nani hana? Naomba msomaji anifuate polepole, kwa sababu jambo lenyewe si gumu, lakini ni rahisi kupotea njiani.

SHAHIDI HUSEMAJE?

Kila kiumbe hubeba ndani ya chembe za mwili wake maandishi ya urithi, ambayo tumezoea kuyaita vinasaba; na jumla ya maandishi hayo yote huitwa jenomu. Kwa mwanadamu ni kama kitabu chenye herufi karibu bilioni 3. Kila mmoja wetu hupewa nakala mbili za kitabu hicho, moja kwa baba na moja kwa mama. Kinaponakiliwa kutoka kizazi hadi kizazi huingia makosa machache, kama yalivyokuwa yakiingia katika vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono. Makosa hayo hujikusanya polepole, kwa mwendo ambao waweza kukadiriwa. Kwa hiyo mahali ambapo nakala mbili zinafanana sana ni dalili ya kwamba zimetoka kwa mzee mmoja wa karibuni. Na mahali zinapotofautiana sana, mzee wao ni wa zamani mno.

Sasa fikiri. Watu wakiwa wachache, hawakosi kuwa na babu wa pamoja aliye karibu. Wakiwa wengi, babu yao wa pamoja yuko mbali. Basi mtu akihesabu sehemu zinazofanana na zisizofanana katika kitabu kizima, aweza kukadiria ni katika zama zipi kiumbe yule alikuwa na jamaa wengi, na ni katika zama zipi jamaa walipunguka. Mwaka 2011 wataalamu wawili, Heng Li na Richard Durbin, walionyesha ya kwamba jenomu ya mtu mmoja tu yatosha kutoa habari za namna hiyo kwa zama ndefu zilizopita.

Elimu hii imetumiwa juu ya ndege wa baharini. Pengwini wakubwa wanaoishi katika barafu ya kusini kabisa mwa dunia hawakuwa na mtu wa kuwahesabu zamani. Lakini vinasaba vyao vimeonyesha kwamba barafu ilipozidi mno, miaka 20,000 hivi iliyopita, walibaki wachache katika mahali pachache, na barafu ilipolegea waliongezeka. Hali ya hewa ya zamani ile imekwisha kupita, lakini alama yake ingali ndani ya ndege walio hai leo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, kisha likajaa tena. Leo wamo humo, au walikuwamo mpaka karne iliyopita, aina zipatazo 500 za samaki wa jamii ya furu. Mwaka 2017 vinasaba vyao vilionyesha kwamba samaki hao walitokana na kuchanganyika kwa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Mto Naili. Kadhalika Ziwa Natron, lililo kaskazini ya nchi yetu, na Ziwa Magadi la Kenya, yalikuwa ziwa moja kubwa miaka 10,000 na zaidi iliyopita. Mvua zilipopungua ziwa lile liligawanyika, likawa magadi. Na samaki wadogo wa jamaa ya perege waliosalia huishi katika chemchemi za maji ya moto na ya chumvi, ambamo samaki wengi wangekufa mara moja. Miili yao ni kumbukumbu ya ukame.

HABARI ZA LUXMANDA

Yaliyowapata ndege na samaki yamempata mwanadamu pia, na ushahidi wake umefukuliwa papo hapo katika nyanda za juu za Mbulu.

Mahali paitwapo Luxmanda paligunduliwa na wataalamu wa mambo ya kale mwaka 2012. Na miongoni mwa waliopachunguza alikuwa Profesa Audax Mabulla wa Tanzania. Wakaona vigae vya vyungu, mawe ya kusagia, na mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni makao ya wafugaji walioishi hapo miaka 3,000 hivi iliyopita, kabla chuma hakijajulikana katika nchi hizi. Yakaonekana pia mabaki ya mwanadamu, na mwaka 2017 habari za vinasaba vyake zikatangazwa. Asilimia 38 hivi ya urithi wa mtu yule ilikuwa na nasaba moja na wakulima wa kale wa nchi za Sham. Na sehemu iliyosalia ilikuwa ya Kiafrika.

Mtu wa nasaba ya Sham alifikaje Mbulu? Hakuja mwenyewe, wala babu yake hakuja. Ilikuwa safari ya vizazi vingi, na dereva wake alikuwa mvua. Kutoka miaka 11,000 hivi mpaka 5,000 hivi iliyopita, jangwa la Sahara halikuwa jangwa. Lilikuwa na majani, mito na maziwa, na watu walichunga ng'ombe mahali ambapo leo pana mchanga mtupu. Kisha mvua zikapungua. Wafugaji wakasogea wakifuata majani. Miaka 5,000 hivi iliyopita walikuwa wamefika Ziwa Turkana, ambalo nalo lilikuwa likipungua, na huko Lothagam wakajenga makaburi ya mawe ambamo walizikwa watu wasiopungua 580. Baadaye wakaendelea kuteremka, mpaka wakafika kusini ya Kenya na kaskazini ya Tanzania.

Mwaka 2019 vikatangazwa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania. Hapo ikadhihirika kwamba kuchanganyika kulikuwa kwa hatua: kwanza huko kaskazini-mashariki ya Afrika, watu wenye nasaba ya Sham na Afrika ya kaskazini walichanganyika na watu wa upande wa Sudani, halafu watoto wao wakachanganyika na wawindaji wa Afrika ya Mashariki waliowakuta hapa. Baada ya hapo, kwa karne nyingi, wafugaji na wawindaji waliishi katika nchi moja, lakini kuzaliana baina yao kulikuwa kudogo.

Hata maziwa tunywayo yana habari yake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa makabila 43 wa Tanzania, Kenya na Sudani. Waligundua badiliko dogo katika vinasaba ambalo humwezesha mtu mzima kunywa maziwa bila kuumwa tumbo. Badiliko hilo si lile la Wazungu; lilitokea Afrika kwa njia yake, na wakakadiria ya kuwa lina umri wa miaka kati ya 2,700 na 6,800. Msomaji wa Hanang anapokunywa kibuyu cha maziwa na kulala vizuri, huenda ananufaika na jambo lililompata mchungaji mmoja katika zama za ukame, ambaye hata jina lake halijulikani.

Kisha wakaja wengine. Leo Hanang, Mbulu na wilaya za jirani ni mahali ambapo lugha za asili nne mbalimbali zinakutana. Wairaqw na Wagorowa lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, na miongoni mwao Wabarabaig, lugha yao ni ya Kinailoti. Wanyaturu na Wambugwe ni Wabantu. Na Wahadza na Wasandawe wana lugha zao zenye sauti za kidoko. Katika hao, Wahadza ndio wanaobeba kwa wingi urithi wa wawindaji wa kale. Wengine wote, kwa upande fulani wa damu yao, wana babu aliyekuja akiwa mgeni.

JE, SHAHIDI AWEZA KUWA HAKIMU?

Huenda mtu akasema: "Basi jawabu limepatikana. Aliyetangulia ajulikane kwa vinasaba, naye apewe nchi."

Naomba atazame anakokwenda. Kipimo hicho kikifuatwa, mkulima hana haki, mfugaji hana haki, mwalimu na mwenye duka hawana haki. Wote wafunge mizigo yao. Naye aliyekileta kipimo atakuwa wa kwanza kubeba mzigo. Wala hata huko aendako hatapata kwake, kwa maana huko nako wako waliotangulia. Na yule wa Luxmanda tumfanyeje? Je, asilimia 38 ya mwili wake irudishwe Sham, na iliyobaki ipewe shamba? Kipimo kinachomwangamiza kila anayekitumia si kipimo cha haki.

Jambo hili si la mzaha, kwa maana Hanang imekwisha kuliona. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, nchi ya Hanang ilianza kulimwa ngano kwa mashine. Mashamba makubwa yakawa chini ya shirika la umma la NAFCO, na hatimaye yakachukua eneo la hekta zipatazo 40,000, ambalo sehemu yake kubwa lilikuwa malisho ya Wabarabaig. Wafugaji walilalamika ya kwamba hata makaburi ya heshima ya wazee wao, waitayo bung'eda, yalipitiwa na majembe ya matrekta. Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 wakafungua kesi Arusha. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu ile. Na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyokuwapo.

Sisemi haya ili kuwahukumu majaji. Wao waliifuata sheria kama walivyoiona, na baadaye, mwaka 1999, nchi ilitunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji inayotambua haki za kimila. Ninachotaka msomaji akiangalie ni neno lile moja: mwenyeji. Mtu anasimama mbele ya hakimu, naye aliyemzaa amezikwa katika nchi ile, na anaulizwa athibitishe kwamba yeye ni mwenyeji. Angethibitisha kwa nini?

Tuseme mashine za kusoma vinasaba zingalikuwapo siku ile. Zingalisema nini? Zingalisema ya kwamba wafugaji walikuwapo nchi ile miaka 3,000 iliyopita. Na wakili wa wanakijiji angalifurahi. Lakini pia zingalisema ya kwamba katika damu ya Wadatoga umo urithi mwingi wa Kinailoti, uliofika nyuma ya wale wa Luxmanda. Na wakili wa upande wa pili naye angalifurahi. Je, kwa neno hilo la pili, makaburi ya bung'eda yangalikuwa si makaburi tena? Je, mama aliyechota maji katika kisima kile miaka 40 angalikuwa hakuchota? Haiwezekani. Haki yao haikutoka katika damu, wala damu haikuweza kuiondoa. Ilitoka katika kuishi, kutunza, kuchimba visima, kuzika, na kupatana na majirani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakutaka kumpima mgeni damu yake. Jembe lilitosha kumtia katika watu wa nyumba.

Kwa hiyo jawabu la kwanza ni hili: vinasaba ni shahidi mwaminifu wa mambo yaliyokuwa, lakini si hakimu wa mambo yanayopasa kuwa. Atakayemkalisha shahidi katika kiti cha hakimu atapata hukumu ya dhuluma, hata kama ushahidi wenyewe ni wa kweli.

YASIYOSEMWA NA DAMU

Huenda mwingine akasema kinyume chake: "Kama mvua ndiyo iliyowasukuma watu, basi hakuna wa kulaumiwa. Aliyenyang'anya alisukumwa, na aliyenyang'anywa alikutwa njiani. Ni hali ya hewa tu."

Huyu naye amekosea. Ukame ulimlazimisha mfugaji wa kale kuhama. Haukumlazimisha namna ya kumwamkia mwindaji aliyemkuta. Hapo palikuwa na hiari. Vinasaba vinatuambia ya kwamba mfugaji na mwindaji walizaliana. Havituambii kama palikuwa na mahari na ngoma, au palikuwa na kilio na kamba. Vinatuambia ya kwamba baadaye walikaa karne nyingi bila kuoana sana. Havituambii kama ilikuwa kwa heshima au kwa dharau. Mambo yote ambayo kwayo mtu husifiwa au hulaumiwa yamo katika nafasi ile ambayo damu imenyamaza. Yaliyoandikwa katika damu ni yale yaliyowapata. Yale waliyoyachagua hayakuandikwa humo.

Kuna na jambo jingine ambalo shahidi huyu hawezi kulisema, nalo ni zito kuliko yote. Siku hizi watu husema, "Ukame si kitu kipya. Viumbe wamepita katika mabadiliko makubwa zaidi, nao wangali hai." Ni kweli kwamba pengwini wangalipo, samaki wa Natron wangalipo, nasi tungalipo. Lakini je, ni nani anayeshuhudia? Ni wale tu waliookoka. Kitabu cha urithi kinaposema kwamba katika zama fulani jamaa walikuwa wachache, maana yake huenda ni kwamba wengi walikufa bila kuacha mtoto. Na ukoo uliokatika hauna wa kuusemea. Mama aliyemzika mtoto wake njiani kutoka Turkana, na mwenyewe akafa mwezi uliofuata, hana herufi hata moja katika miili yetu. Kusema "tulipita salama" ni kusahau wale ambao hawakupita.

Haya si ya zamani tu. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 mifugo mingi mno ilikufa kwa ukame huko Simanjiro, katika Mkoa huu huu wa Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Jua likizidi watu huhama, na maji yakizidi watu huhama. Mtu atakayepiga hodi Hirbadaw kesho, akiwa na ng'ombe wachache waliokonda na mtoto mgongoni, ni mfano kamili wa babu yetu sisi sote. Wazukuu wetu baada ya miaka 3,000 wataweza kusoma katika damu yao kwamba mtu yule alifika. Hawataweza kusoma kama alipewa maji.

Basi, msomaji mpendwa, tufanyeje? Sisemi kwamba mipaka iondolewe, na kila mwenye ng'ombe aingize mifugo katika mahindi ya mwenzake. Mkulima ana haki ya jasho lake, na mfugaji ana haki ya njia na maji. Na mambo haya yapangwe kwa mapatano ya wazi, kabla ya kiangazi kufika, wala si kwa fimbo baada ya kufika. Ninachosema ni kwamba katika mapatano hayo swali la "umetoka wapi?" liondolewe barazani. Jawabu lake twalijua sasa: ametoka katika ukame, na anayemwuliza ametoka huko huko. Dini inatufundisha kwamba ubora wa mtu ni tabia yake, si ukoo wake. Na sasa hata chembe za miili yetu zinatukatalia kujivunia ukoo usiochanganyika, kwa maana ukoo wa namna hiyo haumo.

Swali linalobaki barazani ni jingine, nalo halijibiwi na mashine yoyote: Huyu aliye mbele yangu anahitaji nini, na mimi naweza kumpa nini bila kuwadhulumu walio nyumbani kwangu? Kila mmoja wetu atalijibu kwa matendo yake, na jawabu hilo halitaandikwa katika vinasaba vya watoto wetu. Litaandikwa mahali pengine, ambapo hapana kosa la kunakili.

Mwenyezi Mungu atujalie kulijibu vyema. Amin.